Fred Hoyle: Mwanasayansi Aliyekataa Siku ya Kuzaliwa ya Ulimwengu

Wanasayansi wa leo wanasema ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na kwamba ulianza kwa tukio linaloitwa Mlipuko Mkuu. Jina hilo halikutungwa darasani wala maabara. Lilitamkwa mara ya kwanza redioni, na mtu aliyelitamka hakuamini hata kidogo kwamba mlipuko huo uliwahi kutokea.

Mtu huyo ni Fred Hoyle, Mwingereza, mtaalamu wa nyota na mtunzi wa riwaya. Alifariki mwaka 2001. Katika makala haya, msikilizaji, tunakueleza maisha yake: alikotoka, kwa nini alibishana na wenzake kwa zaidi ya miaka 50 kuhusu umri wa ulimwengu, na kwa nini hata waliompinga hawawezi kuandika habari za nyota bila kumtaja.

Mtoto mtoro wa Yorkshire

Hoyle alizaliwa tarehe 24 Juni 1915 katika kijiji cha Gilstead, karibu na mji mdogo wa Bingley, eneo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ni nchi ya vilima, mawe na viwanda vya sufu. Baba yake, Ben, alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa mstari wa mbele kupiga bunduki ya rashasha. Alirudi salama. Mama yake, Mabel, alikuwa amesomea muziki, na kuna wakati alipiga piano kwenye jumba la sinema. Siku hizo sinema zilikuwa bubu, na maneno ya waigizaji yaliandikwa kwenye pazia.

Fred hakuipenda shule. Alitoroka mara nyingi, akapotelea mashambani au mtoni, au akaingia sinema. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kusoma alijifunzia huko sinema, kwa kufuata maneno yaliyopita kwenye pazia.

Kisa kimoja cha shuleni kilimwachia alama ya maisha. Mwalimu aliwaambia wanafunzi kwamba ua fulani lina petali tano. Fred alikuwa ameleta ua la aina hiyo lenye petali sita, akalihesabu mbele yake. Mwalimu alimpiga kofi la sikio. Mtoto alikataa kurudi shule ile, na mama yake akasimama upande wake. Baadaye sikio hilo likapoteza usikivu, na Hoyle aliamini chanzo chake ni lile kofi.

Pamoja na utoro huo alikuwa na akili nyepesi ya hesabu. Alipata nafasi ya ufadhili katika sekondari ya Bingley, na akiwa kijana mdogo aliazima maktaba kitabu kuhusu nyota na atomu cha Arthur Eddington, profesa mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1933 aliingia Cambridge kusoma hisabati. Miaka 25 baadaye, mwaka 1958, alikalia kiti kilekile cha uprofesa alichokuwa akikalia Eddington.

Mwaka 1939 alimwoa Barbara Clark, na wakajaliwa watoto wawili, Geoffrey na Elizabeth.

Marafiki watatu na rada

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Hoyle aliingizwa katika kazi ya jeshi la majini ya kuboresha rada, yaani mitambo inayotumia mawimbi ya redio kugundua ndege na meli za adui kabla hazijaonekana kwa macho. Kazi mojawapo aliyoifanya ilikuwa kutafuta namna ya kukadiria ndege inayokuja iko juu kiasi gani.

Huko alifanya kazi na vijana wawili waliozaliwa Vienna, Austria: Hermann Bondi na Thomas Gold. Mchana walishughulika na rada, usiku wakazungumza habari za nyota. Vita vilipokwisha, wote watatu walikuwa Cambridge, na mazungumzo yao yakaishia kwenye tatizo lililokuwa likiwaumiza kichwa wataalamu wa nyota dunia nzima.

Hesabu iliyogoma

Ili kulielewa tatizo hilo, tuanze na basi.

Tuseme uko stendi, na unapigiwa simu kwamba basi liko umbali wa kilomita 120, likienda kilomita 60 kwa saa bila kusimama. Huhitaji kuuliza liliondoka lini. Unagawa tu: liliondoka saa mbili zilizopita.

Mwaka 1929 Edwin Hubble, mtaalamu wa nyota wa Marekani, alionyesha kwamba galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota kama hili letu, zinaachana. Iliyo mbali zaidi inakimbia kwa kasi zaidi. Ni kama donge la unga wa maandazi ulilochomeka punje za karanga: hamira inapofanya kazi, kila punje inakuwa mbali zaidi na wenzake. Kabla ya hapo, mwaka 1927, padri na mwanahisabati wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alikuwa amekwisha kueleza kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akaongeza kwamba ukirudi nyuma vya kutosha utafika mahali ambapo kila kitu kilikuwa kimesongamana pamoja.

Basi wataalamu wakapiga hesabu ya basi. Umbali wa galaksi, gawanya kwa kasi yake. Jibu lilikuwa karibu miaka bilioni 2.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wataalamu wa miamba nao walikuwa na saa yao. Ndani ya baadhi ya mawe kuna madini ya urani, ambayo hubadilika polepole sana na kuwa risasi, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, unajua jiwe lina umri gani. Kufikia miaka ya 1940 saa hiyo ilikuwa ikisema dunia yetu ina zaidi ya miaka bilioni 3.

Kwa maneno mengine, dunia ilikuwa na umri mkubwa kuliko ulimwengu uliomo. Mtoto amemzidi mama yake umri. Mahali fulani palikuwa na kosa, na hakuna aliyejua ni wapi.

Mwaka 1948 Hoyle na rafiki zake wawili walitoa jibu lao. Bondi na Gold waliandika makala moja, Hoyle akaandika yake. Walisema hivi: huenda tunakosea kuuliza ulimwengu ulianza lini. Huenda haukuanza. Galaksi zinaachana, ndiyo, lakini nafasi inapopanuka maada mpya hutokea polepole na kuijaza, na galaksi mpya zinazaliwa humo. Kwa hiyo ulimwengu, kwa ujumla wake, unaonekana vilevile jana, leo na siku zote, kama mto unaopita maji mapya kila saa na bado unabaki kuwa mto uleule.

Maada hiyo mpya ingekuwa kidogo mno. Kwa makadirio ya Hoyle, ni kiasi cha atomu moja kwa mwaka mzima katika nafasi ya ukubwa wa jengo kubwa sana. Hakuna chombo kingeweza kuigundua. Nadharia hii ikaitwa ya ulimwengu usiobadilika, na uzuri wake ulikuwa kwamba ugomvi wa umri uliisha. Kitu kisicho na mwanzo hakiwezi kuwa kichanga kuliko dunia.

Jioni ya tarehe 28 Machi 1949

Hoyle alikuwa na kipaji ambacho maprofesa wengi hawana: alijua kuzungumza redioni. Alikuwa na lafudhi nzito ya Yorkshire na alieleza mambo kwa mifano ya nyumbani.

Jioni ya tarehe 28 Machi 1949 alikuwa studio za BBC mjini London akieleza nadharia yake. Ilibidi aeleze pia nadharia aliyokuwa akiipinga, ile inayosema maada yote ya ulimwengu ilitokea mara moja, wakati mmoja, zamani za kale. Akaiita kwa maneno mawili mafupi ya Kiingereza: Big Bang. Masikioni mwa Waingereza maneno hayo yana mchezo ndani yake, kama sisi tunaposema kitu kimelia puu. Kwa Kiswahili tunaiita Mlipuko Mkuu, jina lenye heshima zaidi kuliko lile la asili.

Wengi waliamini alikusudia kejeli. Yeye alikana hadi uzeeni. Alisema redio haina picha, na mtangazaji asipomchorea msikilizaji picha kwa maneno atampoteza. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya kipaza sauti ataelewa alichokuwa akikisema.

Mwaka 1950 BBC ilimpa nafasi ya vipindi vitano mfululizo kuhusu ulimwengu. Vilisikilizwa na watu wengi kiasi kwamba vilitolewa kuwa kitabu, nacho kikauzwa sana. Hoyle akawa sauti inayojulikana majumbani. Pia akawapata maadui, kwa sababu baadhi ya wanasayansi walilalamika kwamba alifundisha nadharia yake kana kwamba ilikuwa imekwisha kuthibitishwa, na baadhi ya viongozi wa dini hawakupendezwa na maneno yake kuhusu imani.

Suala la dini lilikuwapo pande zote. Hoyle hakuwa muumini, na wazo la ulimwengu wenye siku ya kwanza lilimnukia uumbaji wa kwenye vitabu vitakatifu. Lakini Lemaître, ambaye alikuwa padri, hakutaka hesabu zake zitumike kuthibitisha dini. Kwake sayansi na imani zilikuwa njia mbili, na hakuzichanganya.

Chuma cha jembe kilitoka wapi

Wakati ubishi wa umri ukiendelea, Hoyle alikuwa akifanya kazi nyingine ambayo leo hakuna anayeipinga. Aliuliza: vitu vinavyounda dunia, kama kaboni, oksijeni na chuma, vilipikwa wapi?

Upande wa Mlipuko Mkuu, bingwa alikuwa George Gamow, aliyezaliwa Odessa na kukimbilia Marekani kutoka Urusi ya Kisovyeti. Gamow naye alikuwa mwanasayansi mwenye mkono wa hadithi. Alitunga visa vya Bwana Tompkins, karani wa benki anayelala na kuota ulimwengu ambao sheria za fizikia zinaonekana wazi barabarani. Gamow alidhani vitu vyote vilipikwa katika dakika za mwanzo za mlipuko. Hesabu zilimkatalia: haidrojeni na heliamu zilipatikana, lakini upishi uliishia karibu hapo.

Hoyle alisema jiko ni nyota zenyewe. Ila palikuwa na kikwazo kwenye kaboni. Ili nyota itengeneze kaboni, viini vitatu vya heliamu lazima viungane, na muungano huo ni mgumu mno, labda kiini cha kaboni kiwe na kiwango fulani mahsusi cha nishati kinachorahisisha mambo. Kiwango hicho hakikuwa kwenye orodha zilizokubalika. Hoyle alitoa hoja ya mtu wa kawaida: miili yetu ina kaboni, kuni na mkaa ni kaboni, kwa hiyo lazima kiwepo.

Mwaka 1953 alikwenda Caltech, chuo cha sayansi huko California, akamkuta mwanafizikia William Fowler na wenzake. Aliwaambia watafute kiwango hicho, na kiko wapi. Mwanzoni walimwona kama mtu wa ajabu. Walipopima, walikikuta karibu kabisa na pale alipotaja.

Mwaka 1957 Hoyle, Fowler, na wanandoa wawili wataalamu wa nyota, Margaret na Geoffrey Burbidge, walichapisha makala ya zaidi ya kurasa 100 iliyoeleza jinsi nyota zinavyopika karibu kila kitu kilicho kizito kuliko heliamu, kisha kukitawanya angani zinapokufa. Chuma cha jembe lako, chokaa ya mifupa yako na oksijeni unayoivuta sasa hivi vilitoka katika nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Hayo ndiyo mafundisho ya wanne hao, na yanafundishwa mpaka leo.

Wingu lililobishana

Mwaka huohuo wa 1957 Hoyle alitoa riwaya yake ya kwanza, The Black Cloud, yaani Wingu Jeusi. Ndani yake wingu kubwa la gesi linaingia katika eneo la jua letu na kuziba mwanga. Baridi na njaa vinaua watu wengi duniani. Wanasayansi wachache, waliofungiwa na serikali katika jumba moja huko Uingereza, wanagundua kupitia mawimbi ya redio kwamba wingu lile lina akili, na wanaanza kuzungumza nalo. Wanalipigia hata muziki wa piano.

Lakini mtunzi hakuuacha ugomvi wake nje ya mlango wa hadithi. Wahusika wanamuuliza Wingu kuhusu wa kwanza wa jamii yake, alitokeaje. Wingu linajibu kwamba halikubali kuwa aliwahi kuwepo wa kwanza. Wanasayansi wa kwenye riwaya wanatazamana, na msomaji anaelewa kwamba watu wa Mlipuko Mkuu wamepigwa konde na kiumbe wa hadithi.

Wakosoaji wake walicheka, lakini kitabu kilipendwa na bado kinachapishwa. Hoyle aliendelea kuandika, vitabu vingi akishirikiana na mwanawe Geoffrey. Mwaka 1961 BBC ilionyesha mchezo wa televisheni aliouandika pamoja na John Elliot, A for Andromeda, kuhusu ujumbe wa redio kutoka nyota za mbali unaowafundisha binadamu kutengeneza kompyuta ya hatari. Riwaya zilimpa uhuru ambao majarida ya sayansi hayakumpa: kuuliza ingekuwaje, bila kuombwa ushahidi.

Ushahidi unaanza kuja

Kwenye sayansi ushahidi uliombwa, na ulianza kuja kwa upande usio wake.

Pigo la kwanza lilikuwa mwaka 1952, katika mkutano wa wataalamu wa nyota mjini Rome. Walter Baade, Mjerumani aliyefanya kazi Marekani, alitangaza kwamba nyota zilizotumika kupima umbali wa galaksi zilikuwa za aina mbili, na zilikuwa zimechanganywa. Umbali wote ulipaswa kuzidishwa takribani mara mbili. Rudi kwenye basi letu: kama kumbe liko kilomita 240, basi liliondoka saa nne zilizopita na siyo mbili. Umri wa ulimwengu ukaongezeka maradufu kwa siku moja. Katibu aliyeandika kumbukumbu za kikao kile alikuwa Fred Hoyle.

Vipimo viliendelea kusahihishwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mama alikuwa tena na umri mkubwa kuliko mtoto. Sababu mojawapo kubwa ya kukataa mwanzo ilikuwa imeondoka.

Pigo la pili lilitoka palepale Cambridge. Martin Ryle, mtaalamu wa darubini za redio, alikuwa akihesabu vyanzo vya mawimbi ya redio angani. Vile vya mbali ni vya zamani, kwa sababu mawimbi yake yamesafiri muda mrefu mno kutufikia. Ryle alikuta vya zamani ni vingi kupita kiasi. Maana yake, ulimwengu wa kale haukufanana na wa leo. Mwanzoni mwa 1961 Hoyle na mkewe walialikwa London kwenye mkutano na waandishi wa habari, wakakalishwa mbele, na Ryle akatangaza matokeo yake mbele ya kamera. Kisha Hoyle akaombwa atoe maoni papo hapo. Aliondoka na uchungu, na wiki hiyo simu ya nyumbani kwake haikupumzika.

Pigo la tatu lilikuwa kelele. Mwaka 1964, katika jimbo la New Jersey, Marekani, wanafizikia Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa iliyotoa mvumo mdogo usiokoma. Walipoielekeza mjini, mvumo ulikuwepo. Walipoielekeza angani, ulikuwepo. Walifukuza njiwa waliokuwa wakikaa ndani yake na kusafisha kinyesi chao. Mvumo haukuondoka. Mwaka 1965 ulielezwa kuwa ni joto lililobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, ambalo sasa limepoa na kufikia takribani nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri, digrii tatu tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Zile chenga za televisheni za zamani, stesheni inapokosekana, zina sehemu ndogo sana ya joto hilo.

Hoyle alikumbuka kitu. Mwaka 1956, huko La Jolla, California, Gamow alikuwa akimzungusha katika gari lake jeupe la wazi, wakibishana kuhusu joto hilohilo. Gamow alidai lipo na ni zaidi ya digrii tano. Hoyle alimkatalia, akisema vipimo vya gesi ya angani vilivyokwisha kufanywa haviruhusu zaidi ya tatu. Watunzi wawili wa hadithi, ndani ya gari moja, walikuwa na nusunusu ya jibu: mmoja alijua joto lipo, mwingine alijua kiwango chake. Hawakuziunganisha, na miaka tisa baadaye antena ya watu wengine ikaziunganisha.

Kuna jambo la kushangaza zaidi. Mwaka 1964 Hoyle na Roger Tayler walikuwa wamechapisha hesabu zilizoonyesha kwamba heliamu iliyopo ulimwenguni ni nyingi mno kuwa imepikwa na nyota za kawaida. Lazima ilitoka kwenye joto kali mno, labda mwanzoni mwa ulimwengu. Mwaka 1967, pamoja na Fowler na Robert Wagoner, alitoa hesabu kamili za upishi huo. Mpinzani mkuu wa Mlipuko Mkuu alikuwa amewafanyia watetezi wake kazi muhimu kuliko walivyojifanyia wenyewe.

Kuondoka Cambridge na miaka ya mwisho

Mwaka 1966 Hoyle alianzisha Cambridge taasisi ya nadharia za nyota, akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Vijana wengi waliopita hapo walikuja kuwa majina makubwa. Lakini ugomvi wa madaraka chuoni ulimchosha, na mwaka 1972 alijiuzulu kila kitu na kuhamia milimani kaskazini. Mwaka huohuo Malkia alimpa hadhi ya Sir. Mlimani hakuwa mgeni: mwaka mmoja kabla alikuwa amemaliza kupanda vilele vyote vya Scotland vinavyozidi futi 3,000.

Mwaka 1983 Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilitolewa kwa kazi kuhusu nyota. Alipewa Fowler, pamoja na Subrahmanyan Chandrasekhar aliyetuzwa kwa kazi yake tofauti. Hoyle, aliyewaambia watu wa California wapi pa kutafuta, hakutajwa. Wanasayansi wengi waliona ni dhuluma. Mwaka 1997 alipewa pamoja na Edwin Salpeter Tuzo ya Crafoord ya Sweden kwa kazi hiyohiyo ya nyota.

Huenda kauli zake za wakati ule zilimharibia. Pamoja na Chandra Wickramasinghe, mwanasayansi aliyezaliwa Sri Lanka, alidai kwamba uhai ulikuja duniani kutoka angani, na kwamba hata virusi vya mafua hushuka kutoka huko. Wataalamu wa magonjwa walilikataa dai hilo, kwa kuwa mafua huenezwa na watu na wanyama hapa hapa duniani. Alidai pia kwamba kisukuku mashuhuri cha ndege wa kale kilichoko makumbusho ya London kimeghushiwa. Makumbusho yalikipima na kuonyesha ni halisi.

Mlipuko Mkuu hakuukubali kamwe. Mwaka 1993, akiwa na miaka 78, yeye, Geoffrey Burbidge na Mhindi Jayant Narlikar walitoa nadharia iliyorekebishwa, ya ulimwengu usio na mwanzo unaotanuka na kusinyaa kwa zamu. Wachache waliifuata.

Novemba 1997 alikwenda kutembea karibu na Gilstead alikozaliwa, akaanguka kwenye bonde lenye mawe. Alilala pale kwa saa nyingi, usiku wenye baridi, hadi mbwa wa uokoaji alipomkuta. Bega lilivunjika, akaugua nimonia, na afya yake haikurudi sawa. Alifariki Bournemouth, kusini mwa Uingereza, tarehe 20 Agosti 2001, akiwa na umri wa miaka 86.

Umri wa ulimwengu leo

Hoyle hakuishi kuiona hesabu ya miaka bilioni 13.8. Mwaka 2003 chombo cha angani cha Marekani, WMAP, kilipima lile joto lililobaki na kutoa umri wa miaka bilioni 13.7. Mwaka 2013 chombo cha Ulaya, Planck, kikasahihisha kuwa 13.8. Dunia yetu ina miaka bilioni 4.5. Mtoto na mama wamekaa mahali pao.

Jina alilolitamka redioni nalo limekaa. Mwaka 1993 jarida moja la nyota la Marekani liliendesha shindano la kutafuta jina bora zaidi. Yaliletwa mapendekezo zaidi ya 13,000, na waamuzi hawakuona hata moja linaloweza kuchukua nafasi yake.

Lakini hesabu ya basi haijafungwa. Wataalamu wanaopima kasi ya kutanuka kwa kutumia joto la mwanzo wanapata takribani 67 kwa kipimo chao. Wanaotumia nyota na galaksi, kama alivyofanya Hubble, wanapata takribani 73. Kila upande umerudia kazi yake kwa uangalifu, na namba bado hazijakutana. Kuna wanaosema ni kosa la vipimo, kama lile lililogunduliwa na Baade. Wengine wanasema kuna kitu kuhusu ulimwengu ambacho bado hakijafahamika. Mtoto wa Gilstead aliyekuwa akihesabu petali angependa kuwa chumbani humo, na bila shaka angekuwa na upande wake.